Vipande Vinne vya Soya Namtumbo

Ukitoka Songea kwenda Tunduru, mabani ya tumbaku yanakuonyesha ni zao gani lililojenga nyumba nyingi za Namtumbo. Nilipopita mwezi Machi, kati ya tumbaku na mahindi, soya ilikuwa imechanua maua madogo ya zambarau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku."

Mama huyo, mkulima wa soya, alinipeleka moja kwa moja kwenye jaribio lake. Vipande vinne, mbegu ya aina moja, vimepandwa siku moja kwa nafasi ileile. Cha kwanza hakikupewa kitu. Cha pili, mbegu zilipakwa unga mweusi wenye rizobia, bakteria wanaokaa kwenye mizizi na kuilisha soya naitrojeni ya hewani. Cha tatu kiliwekwa TSP, mbolea ya fosfeti. Cha nne kilipata vyote viwili.

Niliinama ning'oe shina, mama akanizuia. "Usivute, chimba. Ukivuta, vinundu vinabaki udongoni, halafu utasema havikuwepo." Bwana shamba aliyekuwa nasi akachimba kwa jembe, akasuuza mizizi ndani ya ndoo, akapasua kinundu kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu, maana yake bakteria wanafanya kazi. Kingekuwa cheupe au kijani, hapana. Kwenye kipande cha kwanza vinundu vilikuwa vichache, ukubwa wa punje za mtama. Kwenye cha pili vilijaa karibu na mzizi mkuu.

Kipande cha nne kilipendeza kuliko vyote. Mama hakukisifu. Alinionyesha kwamba kiko mteremkoni, mahali palipokuwa na kichuguu, penye rutuba tangu zamani. Ndiyo maana majirani zake wamepanda vipande hivyohivyo kwa mpangilio tofauti, na kila kimoja kitavunwa peke yake, kikaushwe na kupimwa kwa mizani. Utafiti wa namna hiyo naupa heshima yangu yote: mwenye udongo anaujua, na macho hayaachiwi kutoa hukumu.

Kulinganisha huko kuna umuhimu sasa: tangu 2020 China imefungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na wauzaji wa mbegu na mbolea wanazidi kuja vijijini na mashamba ya mfano. Mengi niliyoyaona yana kila kitu kizuri kwa pamoja, na hayana pa kulinganishia. Mkulima akikaribishwa kwenye shamba kama hilo, aulize kwanza: kipande kisichopewa kitu kiko wapi?