Maktaba ya Marehemu na Misonge ya Buha

Mwanahistoria wa wajenzi wa kale anapofariki, heshima imfaayo ni maktaba. Neville Chittick, aliyefariki mwaka 1984, aliyafukua magofu ya Kilwa Kisiwani, na kitabu chake cha mwaka 1974 kiliwapa nafasi katika historia waashi wa Husuni Kubwa ya karne ya 14. Mawe yao yalikuwa yamedumu kwa zaidi ya miaka 600 kabla hajafika.

Katika nyanda za juu za Kigoma hali ni nyingine. Wajenzi wa Heru, upande wa Kasulu, na wa Muhambwe, upande wa Kibondo, walijenga misonge ya miti na nyasi. Mchwa na mvua vimeifuta. Leo msafiri atokaye Kasulu kwenda Kibondo huona matofali ya kuchoma na mabati. Ujuzi wa kuchagua mti, kupinda fito na kuezeka umebaki vichwani mwa wazee, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Je, wahesabiwe kuwa hawakujenga kitu? La hasha. Hivyo basi, chuo kitakachoweka maktaba wakfu kwa jina la mwanahistoria wa aina ya Chittick hakina budi kutenga humo rafu ya masimulizi ya wajenzi wa Buha, yaliyorekodiwa kwa Kiha na kufasiriwa kwa Kiswahili, kila simulizi likiwa na jina la msimulizi wake. Kazi hiyo ianze wangali hai.