Msonge Kabla ya Mabati

Mjomba alinipigia Ijumaa: Jumatatu mafundi wanabomoa msonge wa bibi kule Nkwenda, wilayani Kyerwa, mabati yameshafika. Kesho yake alfajiri nikapanda Hiace kutoka Kayanga na rangi zangu za mafuta, hadibodi mbili na chupa ya tapentaini niliyoifunga kwenye nailoni isije ikamwagikia mizigo ya watu.

Kuchora nje si starehe, jamani. Mwanga wa asubuhi unakupa kama saa mbili hivi, kisha vivuli vinahama. Vumbi la bodaboda linanata kwenye rangi mbichi. Watoto nao wanakuhesabia migomba uliyoisahau.

Mwezi Novemba 1861 Speke na Grant walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, Bweranyange. Grant akaugua mguu, akabaki hadi Aprili 1862 wakati mwenzake ametangulia Buganda. Michoro yake ya rangi za maji ya safari ile inatunzwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mgeni mwenye kidonda aliacha kumbukumbu. Mimi wa hapahapa, kwenye simu yangu msonge niliokulia unaonekana nyuma ya mabega ya watu tu, umekatwa nusu. Hilo lilinikera.

Bibi akaja na mkongojo wake, akaitazama kazi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Hii nyumba ya nani?”

“Si yako?”

“Yangu haina manjano. Nyasi zimenyeshewa miaka, zina rangi ya majivu. Na mlango umeuinua. Kwangu mtu anaingia ameinama.”

Kweli. Nilikaa mbele ya nyumba nikachora ile ya kichwani mwangu. Bahati rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka. Jumapili nikakwangua manjano kwa kisu, nikachanganya nyeupe, bluu na kahawia kidogo, nikaushusha mlango.

Jumatatu mchana palibaki duara la udongo mweusi wa moshi. Nikaanza kulalamika. Bibi akanikatiza:

“We ungelala humo mvua za Aprili, na kuvuja kule?”

Sikuwa na jibu. Nilikuja kuaga, kumbe mwenyewe alishaaga zamani.

Picha ilikauka baada ya wiki kadhaa. Iko sebuleni kwake, chini ya mabati. Ameitundika chini, usawa wa kiti chake. Ukitaka kuiona vizuri, lazima uiname.