Mashine Hufuta, Mtu Huhukumu



Wikipedia ya Kiingereza, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001, huandikwa na yeyote apendaye. Basi nani huilinda? Tangu mwaka 2010 programu iitwayo ClueBot NG hufuta matusi na upuuzi upesi mno, ikiwa imefundishwa kwa mifano iliyopambanuliwa na watu. Mkorofi akizidi, hushtakiwa kwa wasimamizi, wanadamu waliochaguliwa na wenzao, nao humfungia.

Lakini programu haijui nia. Sisi wanafunzi tukisahihisha jambo kwa nia njema, huenda tukafutiwa. Hapo tuna nafasi ya kulalamika, na mtu akatazama. Tumejifunza hivi: wepesi tuiachie mashine, uadilifu tusiiachie. Mashine haitaulizwa, sisi tutaulizwa.