Risiti ya Palizi

Shangazi aliachika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na shauri lake likaamuliwa hapa Misikhu, magharibi mwa Kenya, uani kwa babu. Wazee wa pande zote mbili walibishana juu ya ng'ombe wa mahari: wangapi walitolewa, na wangapi warudi, maana shangazi alikuwa ameshazaa. Watoto walibaki kwa baba yao. Hilo halikuwa na mjadala. Shamba alilolima miaka yote halikutajwa. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni akiwapikia wazee hao chai, na sikumbuki akiitwa kuulizwa neno.

Zamu ya mdogo wangu wa kike kuachana na mumewe ilipofika, tayari kulikuwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Ndoa ya kimila nayo huvunjwa na hakimu. Wazee hawakutupwa: wanaweza kuwapatanisha wawili hao kwanza, kisha ripoti yao ipelekwe kortini.

Tulidhani ni kwenda siku moja, useme yako, uachiliwe. Kumbe talaka ina faili yake, watoto yao, mali yake. Kesi inatajwa, inaahirishwa, na matatu haikungojei bure. Lakini mara hii mke ndiye aliyesimama kizimbani, akaapa, akaeleza alivyoishi, hakimu akiandika. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kulipia nauli.

Mali ndiyo iliyotutoa jasho. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kulea watoto, kazi za nyumbani na kilimo kuwa mchango. Wengi sokoni wakaelewa kwamba kila kitu ni nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikakata maneno: nusu haiji yenyewe, kila mmoja athibitishe alichochangia. Haya, thibitisha palizi! Nani aliwahi kukatiwa risiti kwa kupalilia mahindi yake?

Wakili alimwagiza mdogo wangu atafute majirani waliomwona shambani, stakabadhi za karo, ujumbe wa M-Pesa. Daftari la chama cha kukopeshana, lenye madoa ya mafuta ya taa, likawa kielelezo, kwa sababu mkopo ulionunua mabati ulikuwa umeandikwa mle kwa jina lake.

Talaka imeshatoka, faili ya mali bado. Siku hizi kwenye chama chetu akina mama wanadai risiti hata ya mfuko mmoja wa mbolea, na waume kadhaa wameanza kuuliza kuna nini.