Dakika 12 kabla ya kupiga 114

Ilikuwa jioni ya msimu wa kusi, muda mfupi baada ya Magharibi, katika mtaa mmoja wa Lindi mjini. Mama wa nyumba aliacha jiko la mkaa kwenye banda la uani akaenda mbele kumfungulia wifi yake mlango. Salamu za pwani hazina haraka. Upepo ukarusha cheche kwenye paa la makuti, na makuti makavu hayasubiri mtu. Aliporudi uani banda zima lilikuwa linawaka, na moshi ulikuwa unaingia kwenye chumba alimolala mtoto wake wa miaka 2.

Kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili ndiye aliyeingia kumtoa. Mtoto alikuwa anakohoa tu. Lakini mama yake alikaa chini mchangani, miguu haimbebi.

Majirani walikuja na ndoo na mchanga. Gari la zimamoto lilipofika banda lilikwisha anguka, na chumba cha uani kilikwisha ungua godoro, sare za shule na nguo za Idi. Watu wakaanza zogo. "Mmekuja kuzoa majivu?" mmoja akapaza sauti. Askari hawakujibu, wakavuta mpira wakazima kilichobaki ili kisihamie nyumba ya jirani. Hilo la nyumba ya jirani hakuna aliyelisema usiku ule.

Baba wa nyumba alilala kwa kaka yake akiapa kwamba asubuhi atakwenda halmashauri kupeleka malalamiko: nusu saa nzima! Mkewe hakubisha. Alimwomba simu tu. Alitaka kujua hiyo nusu saa ilikwenda wapi.

Simu haisahau. Saa 12:41 baba alimpigia shemeji yake. Kisha kaka yake. Kisha mwenyekiti wa mtaa, ambaye simu yake iliita bila kupokelewa, akapigiwa tena. Namba 114, ya dharura ya zimamoto isiyolipiwa, ilipigwa saa 12:53. Saa 1:03 askari walipiga kuuliza njia, maana walikuwa wameambiwa "nyuma ya msikiti", na Lindi misikiti haihesabiki. Ikabidi yule kijana wa bodaboda awafuate barabarani. Picha aliyopiga jirani gari likiingia inaonyesha saa 1:11.

Mama akachukua kalamu. Dakika 12 zilikuwa zao wenyewe. Dakika 8 zilikwenda kwa kutafuta nyumba. Zilizobaki, dakika 10, ndizo za gari kuondoka kituoni na kusafiri. Hizo nazo zina maswali yake, lakini si nusu saa.

Kilichomuuma zaidi alikisikia asubuhi. Mwanawe wa miaka 9 alisema polepole, "Mama, mimi niliwaambia 114. Tulifundishwa shule." Aliwaambia mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa anyamaze, watu wazima wanaongea na simu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Lakini hakuacha safari yake, na pengine hakukosea: huduma inayolipiwa kwa kodi lazima iulizwe. Alikosea mlango tu. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Kwa sheria ya 2007 liliundwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wazazi wengi bado wanamlaumu diwani kwa gari ambalo si lake.

Anayetaka kuuliza vizuri aulize kwa vipande. Marekani wana kiwango kiitwacho NFPA 1710, ambacho kinawapa askari wa zimamoto sekunde 80 kujiandaa na kuondoka kituoni, kisha sekunde 240 za kusafiri. Hakuna anayetarajia hivyo katika vichochoro vya Lindi. Ila faida ya kugawa ni kwamba kila kipande kinajulikana ni cha nani. Hata lile lalamiko la kila mji, kwamba "gari limekuja bila maji", lina hesabu yake: tangi la lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika linakauka kwa dakika 10. Swali la kuuliza mkutanoni ni gari linajaza wapi maji mapema likiishiwa.

Na wazee wa Lindi wana kumbukumbu nyingine. Julai 2016 Shule ya Sekondari Lindi iliungua, madarasa yakateketea, na baadaye ikafanyika harambee ya kuijenga upya. Kuchangia baada ya moto tunajua sana.

Mama huyu alichora karatasi yenye safu nne: moto umeonekana, 114 imepigwa, gari limetoka, gari limefika. Chini yake akaandika maelezo ya njia kwa maneno ambayo mgeni wa mji anaweza kuyafuata: barabara kuu, duka, rangi ya geti. Akabandika nyuma ya mlango. Majirani wawili wakacheka, kisha wakaja kunakili. Watoto aliwaonya kwamba namba ile si ya mchezo, maana simu ya utani inamzuia mwenye moto wa kweli.

Likizo ilipofika alikwenda kwa mama yake Kilwa Kivinje. Huko makuti yako karibu karibu, na hata gari lingekuwa limeegeshwa Masoko bado ni zaidi ya kilomita 20 za barabara. Bibi aliitazama karatasi akasema, "Mwanangu, huku safu ya kwanza ndiyo yetu. Zile nyingine tutaombea dua." Wakahesabu hatua kutoka kisimani hadi mlangoni, yeye na mjukuu. Siku iliyofuata bibi akahamisha jiko lake upande usioelekea upepo, na pipa la mchanga likakaa pale lilipokuwa jiko.

Lindi, karatasi imesomwa kwenye mkutano wa mtaa. Baba wa nyumba ndiye aliyeisoma, pamoja na zile dakika 12, mbele ya watu waliomsikia akiapa. Mwenyekiti amekubali kuomba kituoni saa ambazo gari lilitoka kwa kila moto wa mtaa ule, zisomwe kila mkutano. Hadi sasa safu ya tatu iko tupu, na mtoto wa miaka 9 ndiye anayeuliza kila wiki kama imejazwa.