Kabla ya Kutupa Ndoano: Majabali ya Cornwall na Maji ya Mtera

Anayesema Dodoma hakuna uvuvi hajawahi kufika Hombolo asubuhi ya siku ya mapumziko. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1957, kilomita kama 40 kaskazini-mashariki mwa mji, na watoto wanaokulia ukingoni mwake huvua perege kwa ufito, uzi wa nailoni na kipande cha kandambili kilichochongwa kikawa kiboya. Mimi ni mtu wa Dodoma ninayeishi kusini-magharibi mwa Uingereza, na uvuvi ninaoupenda huku ni uleule wa kiboya, ila unafanyika juu ya majabali ya Cornwall yanayopigwa na mawimbi ya Atlantiki. Zana zinafanana kuliko mtu anavyodhani. Kinachotofautiana ni somo la kwanza. Huku anayeanza hufundishwa kwanza mahali pa kusimama, samaki baadaye. Kwetu hufundishwa samaki, na mahali pa kusimama anaachiwa ajifunze kwa kuwatazama wakubwa. Utaratibu huo ulitosha wakati kila mvuvi alikuwa na mkubwa wa kumtazama. Kwa Dodoma ya leo hautoshi tena.

Nianze na huku. Ncha ya magharibi ya Cornwall, iitwayo Penwith, ni nchi ya matale, jiwe gumu lenye chembe zinazometameta, la aina ileile iliyojenga vilima vinavyoizunguka Dodoma mjini. La kwetu ni la kale zaidi sana: lina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na la Cornwall halijafikisha milioni 300. Jiwe hilo hupasuka ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo wavuvi wanazosimama juu yake, maji ya kina yakiwa chini ya miguu yao. Mashua haihitajiki. Unatupa kiboya hatua chache tu mbele yako, na tayari kipo juu ya pima 4 au 5 za maji.

Uzuri huo ndio hatari yenyewe. Mawimbi makubwa ya Atlantiki huzaliwa na dhoruba iliyo mbali mno, yakafika Cornwall siku ya jua kali, upepo ukiwa umetulia. Tena huja kwa mafungu: kimya cha dakika kadhaa, kisha matatu au manne makubwa yanafuatana. Kwa hiyo mvuvi mzoefu akimchukua mgeni, hamruhusu kufungua begi. Wanakaa juu kabisa, robo saa au zaidi, wanaangalia tu. Jiwe likiwa limelowa, wimbi limefika hapo muda si mrefu, hata kama bahari sasa imelala. Penye utando mweusi unaoteleza hapasimamwi. Na ukishashuka, huipi bahari mgongo, wala humfuati samaki aliyeteleza akaangukia ukingoni, awe mkubwa namna gani.

Kisha huzungumzwa njia ya kurudi. Watu wa pwani ya Tanga au Bagamoyo watalielewa hili upesi kuliko sisi wa bara. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa upande huu hukaribia mita 5. Mwamba ulioufikia kwa miguu mikavu saa nne asubuhi unaweza kuwa kisiwa saa saba. Anayeanza huchaguliwa siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, huvishwa jaketi la kujiokolea na viatu vyenye kushika jiwe, na haendi peke yake. RNLI, chama cha hiari cha uokoaji baharini kilichoanzishwa mwaka 1824 na kinachoendeshwa zaidi kwa michango ya wananchi, kinafundisha hata namna ya kuanguka: usikurupuke kuogelea, maana maji baridi hukukata pumzi. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, elea, pumzi ikirudi ndipo uanze kuogelea au kuita.

Hapo ndipo begi linafunguliwa. Kwenye mshipi mkuu unafunga kwanza fundo dogo la uzi linaloweza kusogezwa kwa kucha. Chini yake unapitisha ushanga, halafu kiboya chenye tundu katikati, halafu ushanga mwingine, chubwi ya risasi, na mwisho kipete kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Kwenye kipete unaning'iniza uzi mwembamba zaidi wenye urefu wa mkono, na ndoano. Wakati wa kutupa, vyote vimekusanyika karibu na ncha ya fimbo, hivyo vinaruka pamoja bila kutatizana. Vikitua, chubwi inashuka na kuuvuta mshipi kupitia tundu la kiboya mpaka lile fundo linapogota kwenye ushanga. Fundo ndilo linaloamua kina. Kiboya kikilala ubavu, ujue chubwi imekaa chini: lisogeze fundo kuelekea kwenye ndoano kwa nusu pima, tupa tena, urudie mpaka kisimame wima. Baada ya hapo unaijua sakafu ya bahari usiyoiona, na huko kuijua kuna furaha yake hata kabla samaki hajagusa.

Karibu na uso wa maji, wakati wa kiangazi, hupita makareli, ndugu wa vibua wetu, na samaki wembamba wenye mdomo mrefu wanaofanana na chuchunge. Chini, kwenye mwani, hukaa polaki. Yeye akimeza chambo hurudi mbio kwenye mwani wake, na sekunde mbili za mwanzo zikikupita umeshampoteza yeye na ndoano. Chambo kizuri ni kipande chembamba cha ubavu wa makareli, ngozi ikiwemo. Anayevua ufukweni kwa kujifurahisha haombi leseni kwa samaki wa baharini, lakini sheria ya ukubwa ipo: samaki aitwaye bass, akiwa chini ya sentimita 42, anarudishwa majini. Polaki naye amepungua kiasi kwamba mwaka 2024 wavuvi wa biashara wa upande huu walikatazwa kumlenga, na wengi wetu tukimpata tunamwachia. Makareli nawala. Nawakaanga, nasonga ugali, na ikiwa kuna mlenda wa kukausha uliotumwa kutoka nyumbani, basi siku hiyo sina ninachokidai duniani.

Sasa twende Hombolo. Ukimkuta mzee anayeshona nyavu kivulini, ukamwamkia, “Shikamoo babu,” atakujibu, “Marahaba mjukuu wangu,” na swali lake la kwanza huenda likawa upepo unatoka wapi. Ana sababu. Upepo husukuma vyakula vidogo vinavyoelea mpaka ng'ambo unakoelekea, na mikunjo yake juu ya maji humficha mvuvi asionekane. Maarifa ya namna hii kwa samaki wa maji baridi sijayaona yakimiminika kwa urahisi hivi mahali pengine. Mtoto wa miaka kumi atakuonyesha viota vya perege kwenye maji machache, vishimo vya mviringo ambavyo dume amevichimba kwa mdomo na kuvilinda. Atakuambia kwamba jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na kwamba ukimvuta anawatema, kizazi kizima kinakwenda na samaki mmoja. Atakukataza kupiga miguu chini, na atakuweka mahali ambapo kivuli chako hakiangukii maji.

Na kiboya chake kinaongea naye. Kikitetemeka, perege anadonoa minyoo au kidonge cha ugali, subiri. Kikianza kuteleza pembeni, amechukua. Inua fimbo kwa mkono mwepesi. Kikizama polepole bila haraka, moja kwa moja, huyo ni kambale, na nailoni nyembamba haitamweza. Mvuvi wa Cornwall mwenye begi la vifaa vya bei angefaidika sana kukaa siku moja na mtoto huyu. Nasema hivyo kwa dhati, maana huku wapo wenye fimbo tatu wasiotambua kwamba kivuli chao ndicho kilichowafukuza samaki.

Lakini hakuna anayemwambia mtoto yule, kwa mpango na kwa maneno, asimame wapi. Na Hombolo ni pole ukilinganisha na Mtera.

Mtera iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dodoma, barabara ya Iringa inapopita, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu 1988 lina kituo chake cha megawati 80. Likijaa ni ziwa kabisa, zaidi ya kilomita za mraba 600, na hadi leo vigogo vya miti iliyozama vimesimama majini. Perege hupenda kujificha hapo, na ndoano hupenda kunasa hapo. Kiboya kinachoshikilia chambo juu ya vigogo ndiyo dawa. Lakini uso wa ziwa lile haukai mahali pamoja. Limejengwa kufanya kazi kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, maji yakishuka kidogo ukingo unahama mbali na kuacha matope. Juu yamekauka na kupasuka, chini ni uji. Mtu mzima huzama mpaka magotini, na akihangaika huzama zaidi.

Kujaa kwake nako hakufuati mbingu ya Dodoma. Maji mengi yanatoka bonde la Usangu na nyanda za juu za Iringa, hivyo ziwa linaweza kupanda ukiwa umesimama juani, kama wimbi la Cornwall linavyofika siku isiyo na upepo. Tena humo wamo mamba na viboko. Wavuvi wa Mtera wanazijua tabia zao. Hawaoshi samaki pale wanapovulia, hawachutami kwenye maji, hawarudii sehemu ileile kila siku kwa saa ileile, maana mamba husoma mazoea. Giza likikaribia wanamwachia nafasi kiboko anayetoka kwenda malishoni, na hawasimami kati yake na maji. Haya yote ni elimu kamili, yenye thamani sawa na chochote kinachofundishwa na RNLI. Kasoro yake ni moja: inamfikia tu aliyezaliwa pale.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, wamekuja watu wengi wasio na babu Hombolo wala mjomba Mtera. Jumamosi wanapanda gari na watoto, wanakula perege wa kukaanga barabarani, wanawaona vijana wakivua, wananunua ndoano. Nawafurahia. Huu ni mchezo mzuri kwa familia, na perege ni samaki mwema kwa anayeanza. Ila mgeni huyo huenda akasimama na mwanawe maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Ningependa vikundi vya wavuvi wa Hombolo na Mtera ndivyo vilipwe kumfundisha, kwa saa moja, kabla ya ndoano. Somo lenyewe liwe hivi. Pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni. Usivue kwenye ukuta wa bwawa wala karibu na mitambo. Anza baada ya masika, mwezi wa tano au wa sita, maji yakiwa yametulia. Tumia ufito mrefu, mita 4 au zaidi, kwa sababu urefu wa ufito ni umbali kati yako na mamba. Simama juu ya jiwe au ardhi ngumu, hatua kadhaa nyuma, na samaki avutwe mpaka hapo. Jike mwenye watoto mdomoni asiguswe. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini kutoka Dodoma mjini hadi Mtera ni safari ndefu, hivyo msaada wa kwanza lazima uwe palepale. Kwenye baadhi ya njia za majabali ya Cornwall yametundikwa maboya ya kurushia mtu. Sisi tuna dumu la lita 20. Likiwa tupu na kifuniko kimekazwa, linaweza kumweka mtu mzima juu ya maji. Lifungwe kamba ya mita 20 kwenye mkono wa dumu, na anayelirusha alirushe kupita kichwa cha aliyeanguka, kisha avute kamba mpaka imfikie mkononi, naye mrushaji akiwa amelala kifudifudi ili asivutwe majini.