Chini ya Bakuli Ndiko Bei Iko

Wasee, mteja akishika bakuli la mbao, kwanza analipindua. Akiona matundu ya skrubu, bei imeshuka. Halafu fundi wa Kipkelion anaambiwa anunue vishikio vya kutoka ng'ambo. Vya nini? Mimi napinga. Funga kwenye mashine kipande cha grevilea kilichobaki, kikereze kitoshee ndani ya bakuli, kivike tyubu kuukuu ya bodaboda. Vika bakuli hapo kichwa chini, libane kitakoni na ile ncha ya upande wa pili. Sasa kereza polepole, kitako kizame kidogo katikati ndio bakuli lisiyumbe mezani. Ncha usiitoe mashine ikizunguka. Bakuli litaruka, na meno hayana spea. Kinundu kinachobaki, zima mashine, ukimalize kwa patasi na msasa.